Mtafiti Kanisifu, Mke Wangu Kalia

Mpendwa mshauri wa ukurasa wa katikati,

Shikamoo, na pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu usiowajua. Naomba msaada wako, na naomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mimi nikijisoma naona mambo yangu yana kichekesho ndani yake, ila nyumbani kwangu kwa sasa hakuna anayecheka.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa madarasa ya kati, yale ya watoto ambao sauti zimeanza kuwakwaruza na chunusi zimeanza kuwaota, si wadogo wa kubembelezwa wala si wakubwa wa kuachiwa, na mke wangu ni mwalimu wa sayansi wa watoto haohao katika shule hiyohiyo, chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta ambao fundi aliuacha kabla haujafika darini, kwa hiyo mchana kutwa namsikia akifundisha. Tumelea pamoja, tumejenga pamoja na tumebishana pamoja, na ubishi wetu ni uleule tangu tulipooana, kwamba mtoto anajifunzaje. Yeye husema mtoto si debe la kujazwa, mwache ajadiliane na wenzake, akosee, agundue mwenyewe, mwalimu kazi yake ni kumwonyesha njia. Mimi husema asiyefunga mdomo hafungui masikio, na hayo mambo ya kujadiliana yasubiri waote ndevu kwanza. Ofisini walimu wenzetu wametuzoea, tukiingia kunywa chai tu utamsikia mmoja anasema haya jamani, kikao kimefunguliwa. Wanafunzi wameniita Rula, na jina hilo sikulikataa, maana rula kazi yake ni kunyoosha.

Basi mhula uliopita akaletwa mtafiti kutoka chuo, binti mpole mwenye miwani na sauti ya chini, akatuambia anachunguza imani za walimu wa madarasa ya kati na yale wanayoyatenda darasani, aone kama vinapatana. Kwanza alituhoji mmoja mmoja. Akaniuliza, mwalimu, unaamini mwanafunzi anaelewa wakati gani, nikamjibu anaelewa wakati amenyamaza na mimi naongea, akaandika huku anatabasamu, na lile tabasamu lilinipa homa. Baada ya hapo akawa anakuja kukaa nyuma ya darasa, kwenye dawati lenye mguu mfupi, na kinasa sauti chake kidogo mbele yake, mhula mzima, leo kwangu, kesho kwa mke wangu, na mimi nakuambia mshauri, usiombe kufundisha huku mtu amekaa nyuma anakusikiliza na hakuambii kitu. Ofisini kukawa na minong'ono kwamba watakaoonekana ni wa zamani watatolewa darasani wapelekwe kuhesabu viti na kusimamia stoo. Hakuna aliyejua minong'ono hiyo imeanzia wapi, lakini mimi niliiamini yote, na nikaanza kuiangalia ile stoo kila nikipita, nikijiuliza kama ina dirisha.

Mke wangu hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa anampokea yule binti kwa furaha, kwa sababu yale anayoyahubiri miaka yote ndiyo hayo chuo kinayoyasema, na mwalimu mkuu alikuwa ameshamwambia kwamba mwaka mpya ukianza atapewa kazi ya kuwalea walimu wapya, yaani kuwakalisha chini na kuwafundisha namna ya kufundisha. Ilikuwa ndoto yake. Nyumbani alikuwa ananitania, ananiambia usijali mume wangu, nitakuja kukusalimia stoo wakati wa mapumziko.

Mhula ulipokaribia kuisha mtafiti akatuita kila mmoja peke yake kwenye chumba cha maabara, atuambie alichokiona kabla hajakiandika popote, kwa sababu alituahidi hakuna mwalimu atakayejua habari za mwenzake. Nikaanza mimi. Nikakaa kwenye kile kiti kirefu cha maabara, miguu inaning'inia, naye akaniambia kwa upole, mwalimu, unayoyasema na unayoyatenda hayajuani hata kwa salamu. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kufikiri nani nimpe chaki zangu za rangi. Ndipo akawasha kile kinasa sauti.

Mshauri, nilisikia watoto wanabishana. Mmoja anasema haiwezekani, ukigawanya lazima kitu kipungue, utagawanyaje moja kwa nusu upate mbili. Mwingine anasema wewe chukua mkate, ukate nusu nusu, hesabu vipande. Yule wa kwanza anasema lakini mkate haujaongezeka. Wa tatu anasema hatuhesabu mikate, tunahesabu nusu. Wakaendelea hivyo, moto umewaka, na hakuna mwalimu anayesikika, nikamwambia yule binti samahani, umekosea, hili si darasa langu. Akasema subiri. Nikasubiri, na kweli nikaisikia sauti yangu, mara moja tu, nzito, ikiuliza, "Nani anapinga?"

Sasa nikueleze ninavyofundisha, uone kwamba hakuna maajabu. Mimi naandika swali ubaoni, nakaa kwenye kiti changu. Mtoto akileta jibu simwambii amepata wala amekosa, kwa sababu sipendi kugawa sifa za bure, nauliza tu nani anapinga, anayepinga asimame aseme kwa nini, na asiyeweza kusema kwa nini akae chini asitupotezee muda. Hiyo mimi naiita nidhamu. Nilianza zamani kidogo, mhula ambao koo liliniharibika nikawa natoa sauti ya jogoo mgonjwa, daktari akanikataza kuongea kwa nguvu, na mke wangu huku ananikorogea maji ya chumvi ya kusukutua akaniambia, andika swali ukae, wakijibu usiseme ndiyo wala siyo, uliza nani anapinga, watafanya kazi wao na wewe utapona. Nikapona, mazoea yakabaki. Ni dawa ya koo tu, mshauri, si mbinu. Lakini yule binti akasema katika shule zote alizozunguka hajaona darasa ambalo watoto wanafikiri kwa sauti kama langu, na kwamba mimi nahubiri ukimya lakini anayenyamaza ni mimi.

Nilipumua. Sijui nikuelezeje, nilihisi kama mtu aliyebeba gunia kutwa halafu akaambiwa weka hapa. Nilitoka pale nikapita mbele ya stoo bila kuiangalia, nikasimama kwenye kibaraza kumsubiri mke wangu, na nilikuwa najiambia leo nitamwambia ameshinda, leo nitamwachia ubishi wote, na wala sitaona uchungu.

Mke wangu alitoka maabara amefumbata kipande cha chaki, akanipita kama anayepita nguzo. Nyumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyake miguuni. Nikamsogelea, akaanza kulia, na yeye si mtu wa kulia, siku ya msiba wa baba yake ndiye aliyetushika mkono sisi. Akaniambia amesikilizishwa darasa lake mwenyewe. Anauliza swali zuri, kwa mfano kwa nini jasho linapoza mwili, na kabla mtoto hajavuta pumzi, muda usiotosha hata kufunga kifungo cha shati, anajibu mwenyewe, kwa sababu likikauka linaondoka na joto, siyo, na darasa zima linaitikia ndiyooo. Kipindi baada ya kipindi. Akasema, "Watoto wamesema ndiyo tu mhula mzima. Sauti ni yangu peke yangu. Mimi ndiye debe, na nimekuwa najijaza mwenyewe."

Halafu akaniangalia akauliza, "Na wewe je, amekuambiaje? Kakuambia ni wa zamani, unawaziba watoto midomo, siyo?" Na mimi, mshauri, nikaitikia kwa kichwa. Akanishika mkono akasema basi tuko wawili, akaniegemea, kilio kikaanza kutulia, na nilipoona kimetulia nikashindwa kabisa kurudi nyuma.

Sasa tuko likizo na mambo yanazidi kuharibika. Amesema shule zikifunguliwa Jumatatu ijayo anaenda kwa mwalimu mkuu kuikataa ile kazi ya kuwalea walimu wapya, na si hiyo tu, anaomba aondolewe darasani apewe maktaba, akapange vitabu, kwa sababu atawafundishaje wengine kitu ambacho yeye mwenyewe hakifanyi. Vitabu vyake vya sayansi ameshavifunga kamba. Na kinachoniua zaidi ni kwamba tukila ananiambia, kumbe ulikuwa sahihi miaka yote, watoto ni wa kuambiwa tu, mimi nilikuwa nahubiri upepo. Ushindi ambao nimeutafuta tangu tulipooana umekuja mezani kwangu, na una ladha ya chaki.

Nikimwambia ukweli, nitakuwa namtonesha kidonda, kwamba si tu ameshindwa, bali kile alichokitamani maisha yake yote kiko kwa mumewe aliyekuwa anakidharau, tena bila kukitafuta. Atasema nimemcheka kimoyomoyo. Nikinyamaza, Jumatatu anaacha darasa. Na aibu kubwa ni hii, kila nikikumbuka maneno ya yule mtafiti bado napumua, bado nafurahi, halafu namwona mke wangu anafunga kamba vitabu vyake, najiona mchawi. Je, niseme au niendelee kuwa wa zamani ili tuwe wawili?

Ni mimi, Rula Isiyonyooka

*

Mwalimu Rula,

Uliniomba nisicheke kabla ya mwisho. Nimeshindwa pale ulipomwambia mtafiti amekosea darasa, unisamehe. Sasa nimemaliza, kaa vizuri kwenye kiti, na mimi sikuulizi nani anapinga.

Tuanze na hilo la kupumua, kwa sababu ndilo rahisi. Umekaa mhula mzima unaogopa stoo, ukaambiwa huendi stoo. Ungetaka ufanye nini, uhuzunike? Kufurahi kwako hakujamliza mkeo. Yeye amelizwa na sauti yake, wewe umefurahishwa na yako, na kama mambo hayo mawili yametokea siku moja hilo si kosa la mtu. Pumua ndugu yangu, tena pumua mpaka chini kabisa, na uache kujiita mchawi. Wachawi hawaandiki barua kwa magazeti.

Kosa lako ni kile kichwa. Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, unaulizwa swali na mkeo, unatingisha kichwa kama mwanafunzi wa dawati la nyuma aliyekuwa amesinzia. Na usiniambie ilikuwa huruma tu. Nusu yake ilikuwa huruma, nakubali, pole yako. Nusu nyingine ilikuwa kulinda jina. Ukisema ukweli nyumbani, kesho utausema ofisini, na ofisini miaka yote umesimama na kikombe chako ukihubiri kufunga midomo. Ungelazimika kuyala maneno yako mbele ya watu wanaokusubiri uyale. Basi ukaona heri mkeo alie kidogo kuliko Rula apinde. Nimekusoma, na naona umevumilia kusomwa, tuendelee.

Halafu umefanya jambo ambalo umelieleza mwenyewe kwa urefu bila kuliona. Mkeo anauliza swali, mtoto anakwama kidogo, mkeo anamwonea huruma anamjibia. Hilo ndilo kosa alilosikilizishwa pale maabara. Na wewe je? Mkeo amekwama, analia, umemwonea huruma, ukamwokoa haraka haraka kwa jibu, tena jibu la uongo. Darasani hujawahi kumfanyia mtoto hivyo hata siku moja. Unamwacha asimame, asote, atafute kwa nini. Watoto wa watu umewaheshimu, mkeo umemfanya mtoto.

Lakini hapo kwenye maji ya chumvi ndipo nilipoweka kikombe changu chini. Mwalimu, hebu irudie hiyo sehemu ya barua yako, uisome kwa sauti. Andika swali ukae, usiseme ndiyo wala siyo, uliza nani anapinga. Nani alisema hayo? Daktari? Daktari alisema usipige kelele, basi. Ile njia yote ambayo mtafiti amezunguka shule zote hajaiona, alikupa mkeo, kwa mkono wake, na kijiko cha chumvi juu. Wewe ukaiita dawa ya koo, ukaimeza, ukapona, ukaendelea kubishana naye mezani kwamba njia yake haifai. Unaogopa mkeo asisikie kwamba ndoto yake iko kwako. Hilo ndilo jambo pekee analohitaji kulisikia, kwamba hakuhubiri upepo. Ilifanya kazi, chumba cha pili tu, nyuma ya ukuta usiofika darini, na yeye hakuisikia kwa sababu alikuwa anaongea.

Wala usidhani namdharau. Mimi si mwalimu, darasani nilikuwa natolewa nje kwa kucheka, lakini nimelea watoto na najua jambo moja: anayewapenda sana hawezi kuvumilia kuwaona wanahangaika. Mkeo anajibu haraka kwa sababu moyo wake ni mwepesi. Wewe moyo wako ni mzito kidogo, ndiyo maana wanapata nafasi ya kusema. Mungu ana utani wake. Mganga hajigangi, wanasema, na ni kweli, lakini mganga aliyemponya jirani haachi uganga kwa sababu yeye mwenyewe ana kikohozi.

Sasa fanya hivi, na usinibadilishie. Mwambie kabla ya Jumatatu. Mchana, si mkiwa mmechoka, na watoto wenu wasiwepo. Anza na kosa lako, usianze na sifa zako: mwambie nilikuitikia kwa kichwa jambo ambalo si kweli. Usiongeze neno lakini. Kisha mwambie alichosema mtafiti kuhusu wewe, chote, bila kukipunguza kwa unyenyekevu wa bandia, maana mkeo ana akili na atajua unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha mwambie habari ya koo na nani alikupa dawa. Kisha nyamaza. Kunyamaza unakujua, una ushahidi wa chuo. Atakasirika, na ana haki, usimtulize. Akilia, mwache alie mpaka amalize, hicho kilio si chako cha kukifunga.

Habari ya maktaba, mwombe jambo moja tu, asiende kwa mwalimu mkuu kabla ya kujaribu. Wiki ya kwanza akae nyuma ya darasa lako, awasikie watoto kwa masikio yake, kisha wewe ukae nyuma ya lake. Na yeye asijaribu kujibadilisha mzima mzima, atachoka. Kipindi kimoja, swali moja, aliandike ubaoni, akae kwenye kiti. Mdomo ukimwasha avumilie. Ukimya utakaofuata utamtisha, atadhani darasa limekufa. Halijafa, linafikiri, na watoto waliozoea kuitikia ndiyo hawawezi kuamini siku ya kwanza kwamba wanaulizwa kweli.

Na ile kazi ya kuwalea walimu wapya, nakuambia wazi, sasa ndiyo inamfaa kuliko mwanzo. Walimu wapya wote wanajibu maswali yao wenyewe kwa woga. Anayewafaa ni yule aliyejisikia kwenye kinasa sauti akalia, kisha akarudi darasani. Msiwaletee aliyepona bila kujua alichokunywa.

Mwisho, wewe. Siku ya kwanza ya mhula, wakati wa chai, kikombe mkononi, wasimulie wenzako kwamba njia ya mke wako ndiyo uliyokuwa unaitumia. Watakucheka wiki nzima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, nawe umeinyonga ya mkeo muda wa kutosha.

Utaniuliza, je, atanisamehe? Hilo swali ni lake, mwalimu, na mimi sikujibii.

*

Wasomaji wangu, kwa kuwa shule zilikuwa karibu kufunguliwa, jibu hili nilimtumia mwandishi moja kwa moja kabla ya kulichapa. Ameniandikia tena, na ameniruhusu niweke maneno yake hapa.

Mpendwa mshauri, nimetekeleza. Nilimwambia Jumamosi tukiwa tunaanua nguo, watoto wako kwa bibi yao. Nilianza na kichwa, kama ulivyosema. Alisimama na shuka mkononi mpaka nikamaliza, akaniuliza, "Yaani ulikaa ukaniangalia nafunga vitabu kamba, na jibu unalo?" Nikasema ndiyo. Neno lakini lilifika kwenye meno, nikalirudisha. Akaingia ndani na shuka, akaanza kupanga masufuria ambayo yalikuwa yamepangwa, nikawa nasikia kila kifuniko. Nilikaa nje. Ilikuwa ngumu kuliko darasa lolote.

Baadaye akatokea mlangoni. "Maji ya chumvi?" Nikamwambia maji ya chumvi. Akasema, "Mimi nilidhani hukumbuki hata kwamba uliwahi kuumwa." Nikamwambia nayakumbuka yote, neno kwa neno, ndiyo nayafundishia. Hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, na mimi nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu mhula ufungwe. Hasira haikuisha siku hiyo, usije ukadhani. Kwa siku kadhaa nikimwomba kitu alikuwa ananijibu kwa kuitikia kwa kichwa, akaniacha nikisie maana yake.

Shule zilipofunguliwa nikamwomba lile jambo moja ulilosema, akaja kukaa nyuma ya darasa langu kipindi kizima. Kesho yake nikaenda lake. Aliandika ubaoni, kwa nini kioo cha dirisha kinalowa asubuhi, akakaa kwenye kiti. Darasa likamwangalia, likisubiri jibu lake kama kawaida. Mshauri, ule ukimya mimi mwenyewe nilitokwa na jasho. Nilimwona anashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Mtoto mmoja akasema ni umande, na mke wangu hakusema ndiyo. Akauliza nani anapinga, kwa sauti ndogo, na kikapita tena kimya kingine, ndipo msichana mmoja wa karibu na dirisha, ambaye hata mimi kwenye hesabu siijui sauti yake, akanyanyua kichwa akasema, "Mimi napinga. Umande ungekuwa nje. Nimegusa, maji yako upande wa ndani." Na darasa likafunguka, kila mtu ana lake, wengine wamekwenda kukigusa kioo. Mke wangu alinitazama toka kule mbele, na mimi nikapumua, safari hii bila kujificha.

Vitabu vimefunguliwa kamba. Ile kazi ameipokea, na nimeshayala maneno yangu ofisini pamoja na chai, wamenicheka kama ulivyosema. Jioni ya siku ile ya kioo, tulipokuwa tunakula, akaniuliza nimeonaje kipindi chake. Nikaendelea kutafuna, nikijua atajijibu. Hakujijibu. Nilipoinua macho alikuwa ameweka kijiko chini, ananisubiri, ikabidi nifikiri. Nikamwambia kilikuwa kizuri, ila pale mwanzo alikaribia sana kuwajibia. Akasema, "Najua. Nilijiuma ulimi mpaka sasa unaniuma," akautoa nje nimwangalizie.